Nyumba ya Kumtosha Mama

Unga wa mpingo una harufu kavu, kali kidogo, inayokaa kooni kama pilipili manga. Ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chetu cha Mwananyamala wakati watu wa kwao mama, huko Newala, walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Mama alikwenda kumsaidia bibi kujenga na kulima, akaniambia atarudi baada ya mavuno. Baba alibaki kwa ajili ya kazi yake ya kuchonga vinyago, mimi kwa ajili ya shule. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ilisikika tupa ikikwangua mti na redio ya wapangaji wa chumba cha pili, basi.

Mavuno yalipita, mama hakuja. Nikaanza kuitengeneza nyumba yetu kwa boksi la sabuni: kuta, korido katikati, mlango wa mbele, kitanda cha njiti za kiberiti. Nilijiaminisha kuwa ikikamilika bila kosa, mama atarudi. Baba aliitazama, na baada ya siku chache akanipa mama wa mpingo, kanga imefungwa kifuani, hata fundo lake linaonekana. Nilimpeleka mlangoni. Hakuingia, kichwa chake kilipita paa. Rehema, binti wa mwenye nyumba, alikuwa amechuchumaa kando yangu. "Mama yako jitu," akasema. "Huyo atalala nje." Nilicheka naye. Alipoondoka nikachukua kisu cha baba ili niupanue mlango.

Baba alinishika mkono. "Ukiupanua mlango, kitanda kitabaki cha panya," alisema. "Chagua kwanza kitu kimoja usichotaka kibadilike. Vingine vyote vifuate hicho."

Nikamchagua mama. Sasa ilibidi nijue mlango wetu wa kweli ulimzidi kwa kiasi gani, na kitanda vilevile, naye hakuwapo wa kupimwa. Baba alisema mama humfika begani. Mimi nilisema sikioni, na hatukupata wa kutuamua. Mwishowe nikashika kipimo nilichokuwa na hakika nacho: siku alipoondoka nilimkumbatia, na utosi wangu ukagusa fundo la kanga yake. Basi nikasimama mlangoni, baba akatia alama ya mkaa juu ya kichwa changu, nasi tukahesabu kuwa hapo ndipo lilipo fundo. Nikalala kitandani, tukapima. Baba akachonga na mtoto wa kike, utosi wake ukilingana na fundo la yule mama. Kwa vipimo hivyo nikajenga nyumba ya pili. Nilikuwa nautumia mwili wangu kama rula, nikasahau kwamba rula hiyo inakua.

Mama alirudi baada ya mavuno mengine. Nilimwona akiingia uani na mzigo kichwani, nikasubiri autue, kisha nikamkimbilia nikiwa nimelenga utosi wangu kwenye fundo. Ukagonga kidevu chake. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nimemng'ang'ania. "Marahaba," alisema, akisugua kidevu. "Nani kakuruhusu kurefuka hivi?" Watu wa uani walicheka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pangu pa kuweka kichwa, nikapakosa.

Siku hizi natengeneza vielelezo vidogo vya majengo, vya karatasi ngumu, kwa wachora ramani, kazi niliyojifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kukosea. Chini ya kila kimoja naandika kipimo: moja kwa hamsini, moja kwa mia. Ile nyumba ya pili ya boksi ninayo bado hapa Chamazi, ninakoishi na mama, na haina kipimo chochote kilichoandikwa. Nikiipima leo naona mlango ni mfupi kuliko ulivyopaswa, na upungufu wake ndio ule urefu niliokuwa nimeongezeka tangu mama aondoke hadi siku tuliyopima.

Juzi mama alikuwa akiifuta vumbi. Akamshika yule mtoto wa mpingo, akamsogeza karibu na macho yake yasiyoona vizuri. "Huyu ndiye niliyemwacha," alisema. Akamsimamisha kifuani pa yule mama wa mpingo, kisha akanigeukia na kuniuliza watoto wa katikati wako wapi, kati ya huyu na yule aliyemgonga kidevu.

Nikamwambia hatukuwachonga.