Siku Binti Alipoujibu Utani

Mimi ni Mhehe niliyeolewa Mbeya, kwa hiyo nimetaniwa tangu siku ya kwanza. Mume wangu ni Mnyakyusa. Ndugu zake walipokuja Iringa kunichukua, mmoja wao alisimama mbele ya wazee wangu akaomba dhamana, kwa sababu, alisema, Wahehe mtu akiwaudhi kidogo tu wanajiua, na wao hawataki kupoteza mke kwa ajili ya chumvi iliyozidi kwenye mboga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wazee wangu walicheka, nami nikacheka ndani ya mtandio. Mtu yeyote wa Iringa aliyewahi kuishi mbali na kwao anaujua utani huo. Utausikia shuleni, kazini, hata msibani.

Kitu ambacho wale wageni hawakukijua ni kwamba nilipokuwa darasa la sita, binamu yetu, kijana aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alijiua. Sisi watoto hatukuambiwa. Tuliona watu wakija na kuondoka, tukamsikia bibi akituamuru kwa Kihehe tunyamaze. Baada ya mazishi jina lake halikutajwa tena. Nikakua nikiamini kwamba neno lile ukilitamka, umeliita.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima, analima mahindi na viazi nje kidogo ya mji wa Iringa. Binti yake alipofaulu darasa la saba, alimleta kwetu Ilomba, hapa Mbeya, asome sekondari. Mimi nauza mchele, na mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku. Anashinda huko wiki nzima, anarudi Jumamosi. Binti alikuja na godoro lake, na sauti yake. Aliimba akiosha vyombo, aliimba akifua, na kwaya ya vijana pale kanisani ikamdaka mwezi uleule.

Akiwa kidato cha tatu, sauti ile ilipotea. Haikupotea kwa siku moja, ndiyo maana sikuistukia. Kwanza aliacha kwaya, akasema masomo yamembana. Kisha akawa akitoka shule analala, lakini nikiamka alfajiri namkuta ameshaamka zamani, amekaa kitandani anatazama ukuta. Chakula alikichezea. Nikimuuliza ana nini, anajibu, "Niko poa, shangazi." Nilijiambia ni umri. Nilimnunulia dawa ya minyoo.

Halafu, katikati ya Juni, akachangamka. Alifagia uwanja wote bila kuambiwa, akawabeba wanangu mgongoni, akawapangia nguo zao. Nilishukuru Mungu. Jumamosi hiyo mume wangu akarudi, tukakaa kula mchana.

"Mama, nasikia siku hizi unanuna," akamwambia binti. Kisha akanigeukia mimi. "Mumwangalie vizuri huyu. Mhehe akinuna, usimpe kisogo."

Binti akatabasamu. "Usijali, anko. Siku si nyingi mtapumzika."

Meza nzima ikacheka. Mume wangu alicheka kuliko wote, akampigia makofi kwa kumjibu vizuri. Hata mimi kicheko kilinitoka, kikakatika njiani. Nilikuwa namtazama usoni. Hakuwa na sura ya mtu aliyerudisha utani. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeshafunga mizigo.

Kesho yake, baada ya ibada, jirani yangu alibisha hodi. Ni mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia Mbeya kutoka pwani kwa biashara. Anakaanga vitumbua, na mambo yasiyomhusu haulizi. Mkononi alikuwa na sweta zito la binti yetu.

"Mwanao kampa mwanangu hili," alisema. "Nimemuuliza mwanangu, akasema kaambiwa, 'Vaa wewe, mimi sitalihitaji.' Dada yangu, Mbeya hii, baridi hii ya Juni, mtoto hagawi sweta."

"Labda limembana," nikasema.

"Halijambana. Ametoa na viatu vyake vya kanisani." Akanishika mkono. "Mimi sijui cha kufanya. Ila nimeona nisikae nalo."

Alipoondoka nilibaki nimesimama na lile sweta. Kisha nikatandika mkeka uani, nikamwaga mchele kwenye nyungo mbili, nikamwita binti tuchambue. Mchele ule haukuwa na mawe mengi. Nilitaka tu tukae bega kwa bega, asilazimike kunitazama.

"Mwanangu," nikaanza, "nataka kukuuliza kitu. Jibu lolote utakalonipa, sitakufokea."

"Uliza, shangazi."

"Jana ulipomwambia anko wako siku si nyingi. Ulikuwa unatania?"

Vidole vyake viliendelea kuchambua. "Si wote huwa tunatania?"

"Nakuuliza wewe. Unafikiria kujiua?"

Nililisema kwa Kiswahili. Kwa Kihehe nisingeweza. Kwa Kihehe neno lile lina sauti ya bibi akitunyamazisha. Nikangoja dunia ianguke. Haikuanguka. Kuku alipita, akadonoa punje, akaenda zake.

"Ndiyo," alisema, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

Mdomo wangu ulijaa maneno. Kwa nini, umekosa nini hapa? Baba yako utamuua. Mungu hapendi. Nashukuru sana kwamba pumzi ilinikata, yote yakabaki kooni. Lililotoka ni moja tu: "Tangu lini?"

Akanieleza. Mwanzoni mwa mwaka wasichana aliokuwa akikaa nao darasani walimtenga, wakamtoa kwenye kundi lao la simu, wakawa wanamcheka akipita. "Lakini wale walisharudi, shangazi. Tunaongea. Ila hiki kitu hakikuondoka. Nikiamka nakikuta. Kila kitu kizito, hata kuongea. Nikaona bora nipumzike, na nyie mpumzike."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Ningesema nini? Mngesema ndio hao Wahehe."

Nikamuuliza tena kuhusu jana, kwa nini alisema vile mezani mbele ya watu wote. Akafikiri kidogo. "Nadhani nilitaka kuona kama kuna mtu ataacha kucheka."

Nikasukuma ungo pembeni, nikamvuta. Alilia, nami nikalia. Alipotulia nilimwambia kwamba hatatoka machoni pangu mpaka tuonane na daktari, na kwamba jambo hili sitaliweka siri kwa anko wake wala kwa baba yake. Alisema wataaibika. Nikamwambia waaibike tu, ilimradi awepo.

Mume wangu alikuwa nje anaosha pikipiki. Nilipomwambia, alianza, "Aah, watoto wa siku hizi…" kisha akaona uso wangu, akakaa chini palepale kwenye tope. "Na mimi nilimpigia makofi," akasema. Alitaka aende akapige magoti. Nilimkataza. Nikamwambia akakae naye tu, asimtwishe na majuto yake. Akaenda, akakaa karibu naye, wakamaliza ule mchele wakiongea habari za mpira. Siku hiyo tuliondoa nyumbani kila kitu ambacho mtu angeweza kujidhuru nacho, tukakipeleka kwa jirani. Binti akalala na mimi.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Tulimkuta daktari wa afya ya akili, dada mdogo tu, aliyeongea na binti peke yake kwa muda mrefu kisha akaniita. Nikamwuliza lililokuwa likinitesa: je, kwa kulitaja lile neno, nilimtia wazo?

"Hapana, mama," alisema. "Wazo lilikuwepo tayari. Ulichompa ni mtu wa kumwambia."

Kaka yangu alifika Jumanne kwa basi. Hakukaa hata chini. Alisema anamchukua binti yake nyumbani, mchungaji amwombee, na jambo hili lisitoke nje ya ukoo.

"Mchungaji aje, nitamkaribisha," nikamwambia. "Lakini kaka, la binamu yetu tuliliweka ndani ya ukoo. Lilimsaidia nani?"

Sijui ni miaka mingapi nilikuwa sijamsikia mtu akimtaja. Kaka yangu, mtu asiyelia hata mvua ikikata mahindi yakiwa yanabeba, aligeukia ukutani mabega yakitikisika. Kisha akaingia ndani kwa binti yake. Nilimsikia akimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," kama anavyosalimia mtu mzima mwenzake.

Binti hakupona haraka. Kulikuwa na dawa, kulikuwa na kurudi hospitali kila mara, na mwalimu wa malezi shuleni akajulishwa, akamfuatilia bila kelele. Kuna wiki aliimba, kuna wiki hakufungua mdomo. Mume wangu aliuacha ule utani. Katika sherehe moja kaka yake alipouanza, alimkata: "Wa kula viporo sawa, wa uvivu sawa. Huo basi." Watu wakashangaa, wengine wakanuna. Akawaacha wanune.

Mwaka uliofuata, akiwa kidato cha nne, binti alikuja dukani mchana akiwa na sare ya shule. Nilikuwa nampimia mteja. Akasimama upande wangu wa kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, kile kitu kimerudi." Nilimwomba mteja radhi, nikafunga duka, tukaenda hospitali siku ileile. Njiani nilikuwa na hofu, lakini safari hii sikuhitaji jirani wala sweta. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja.

Sasa yuko chuoni Iringa, anasomea ualimu, na mwisho wa wiki anakwenda kwa baba yake. Kaka yangu, ambaye zamani simu zake zote zilikuwa za mbolea na mvua, amejifunza kuuliza habari za moyo. Anauliza vibaya, kama anayemhoji shahidi, lakini anauliza. Juzi binti alinipigia akicheka.

"Shangazi, mwambie baba mara moja kwa siku inatosha. Leo kaniuliza moyo ukoje nikiwa nakula, nikiwa naoga, na nikiwa nimelala."

Nilimpigia kaka, nikamfikishia. Akasema atajaribu, ila hawezi kuahidi.