Nani Alivunja Nini

Kioo cha dirisha la mwalimu mkuu nilikivunja mimi. Naungama mapema ili usije ukawashuku watoto. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu kutoka Kitale, nimepelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi nje ya mji wa Bungoma, na mama alikuwa amenisihi kwenye simu nijiheshimu kama mwalimu. Wiki ya pili, wakati wa mapumziko, mpira ukaja ukasimama mbele ya viatu vyangu vya ngozi. Si hata wewe ungeupiga?

Mwalimu mkuu alitoka ofisini ameukumbatia mpira. Mimi nilikuwa nimeshainama kwenye maua, najifanya natafuta wadudu. Watoto walinitazama, wakatazamana, na hakuna aliyefungua mdomo. Mzee akaufungia mpira kabatini. Kila walipomuuliza, aliwajibu, "Mpira gani?"

Wiki iliyofuata mhadhiri wangu akaja kunikagua. Aliketi nyuma ya darasa la gredi ya sita na faili lake, na mwalimu mkuu, kwa heshima ya mgeni, akaketi kando yake. Somo la siku hiyo lilikuwa direct object, ile ambayo kwenye Kiswahili tunaiita shamirisho kipozi. Nikaandika ubaoni, "Mother cooked ugali," kisha nikawapa njia niliyofundishwa chuoni: kikamate kitenzi, kiulize "nini?" au "nani?" Mama alipika nini? Ugali. Hiyo ndiyo object, ipigie mstari.

"Haya, sasa nipeni sentensi zenu," nikasema. Hapo ndipo nilipokosea.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, mwenye sauti ya kengele, akainua mkono. "Mwarimu, mimi niko nayo." Akasimama wima. "The headteacher locked up the ball."

Sentensi ilikuwa safi na singeweza kuikataa. Nikaiandika.

"Alifungia nini?" nikauliza.

"The ball!" darasa zima likapaza sauti.

Mkono mwingine ukainuka. Huyu alikuwa mvulana mpole ambaye hajawahi kujibu swali tangu nifike. "The headteacher hid the ball in the cupboard."

"Object ni gani?"

"Cupboard," akasema, na nikaona kwenye macho yake kwamba amekosea makusudi.

"Hapana. 'In the cupboard' inajibu wapi. Sisi tunataka alificha nini."

"The ball!" wakanguruma tena, sasa wengine wamesimama.

Mhadhiri alikuwa anaandika mbio. Mwalimu mkuu alikuwa amekunja mikono kifuani. Akainuka polepole.

"Hata mimi niko na yangu," akasema. "Somebody broke my window. Alivunja nini?"

"Your window, sir!"

"Vizuri sana. Sasa mniambie, huyo somebody ni nani?"

Nikaiangalia chaki mkononi kana kwamba imenisemesha. Kisha yule msichana wa mbele akainuka tena, mikono nyuma, adabu tupu.

"Mwarimu, leo tunasoma object. Subject turimaliza jana."

Mhadhiri akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha mafua. Lakini mzee hakuketi. Alianza kuwapitia watoto kwa macho, mmoja mmoja, na masikio yangu yakawaka moto. Walikuwa wamenificha wiki nzima bila hata kuniomba peremende, na mimi mtu mzima nimesimama hapo nawaacha watazamwe kama wezi. Nikageukia ubao nikaandika, "I broke the window." Nikapigia mstari "the window", mstari ulionyooka kwa rula.

Mwalimu mkuu alikuja mbele akaisoma mara mbili.

"Wewe?"

"Ni mimi, mwalimu."

Akainama kuangalia chini. "Kwa viatu hivi?"

"Kwa hivi hivi."

Watoto waliangua kicheko, na mabega ya mzee yakaanza kutikisika kabla hajakumbuka kukasirika.

Jumamosi nilienda mjini kwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja, akanikatia kioo na kuniambia nikibebe kama mtoto mchanga. Nilikipachika mwenyewe, vibaya kidogo. Jumatatu mpira ulirudi uwanjani, na mimi nikapewa zamu ya michezo muhula mzima. "Ili nijue uko wapi," alisema mwalimu mkuu. Mhadhiri naye aliniandikia kwamba somo lilieleweka, ila mifano ijiepushe na utawala wa shule.

Nilijitahidi. Lakini wiki hiyo ratiba ilidai indirect object, yaani nani alimpa nani nini, na kabla sijafika ubaoni, mlango ulifunguka. Mwalimu mkuu aliingia bila kualikwa, amebeba kiti chake mwenyewe.