Amplifaya ya Galu na Kikohozi cha Mama

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijajua amplifaya ya hedifoni ni kitu gani: nilifuta kikohozi cha mama yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kwisha. Dada yangu alikuwa akifanya kazi za ndani Maskati, na kwetu Munje aliye mbali alirekodiwa kaseti, akapelekewa na msafiri. Kaseti hiyohiyo ilirudi na majibu yake, yamerekodiwa juu ya salamu zetu. Kazi ya kurekodi ilikuwa yangu, kwa kuwa nilijifundisha mambo ya redio kwa kufungua zilizoharibika. Siku ile mama alizungumza kwa raha zake, akakohoa, jogoo akawika dirishani, mama akacheka. Mimi nikaona aibu. Nikairudisha kaseti mwanzo.

"Rudia, mama. Usikohoe."

"Kwani nasoma taarifa ya habari?"

"Taratibu tu. Anza na 'ama baada ya salamu'."

Nilimfukuza jogoo, nikafunga dirisha, mama akarudia. Maneno yalitoka yamenyooka. Niliona fahari.

Kikohozi kile ndicho kilichompeleka hospitali Msambweni, na hakurudi. Dada hakuwahi mazishi. Nikamwomba anirudishie kaseti ile, maana bado hakuwa ameijibu, na sauti ya mama haikubaki mahali pengine popote.

Ilipofika nilikuwa nimepanga chumba Ukunda, natengeneza redio za watu. Niliisikiliza kwa hedifoni, nikasikia mvumo kama mchele unaopetwa. Nikaamini mama yuko nyuma ya mvumo ule, na nikipata chombo kizuri nitamfikia. Fundi wa muziki katika hoteli moja ya Galu, kijana kutoka bara, alikuwa na amplifaya ya hedifoni, chombo cha kukuza sauti, aliyoachiwa na mgeni.

"Buda, hii si ya mchezo," aliniambia. "Sikia besi kwanza, ndio ulie."

Aliniwekea diski yake, nami kwa kweli nikasikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Niliuza baiskeli yangu, nikainunua amplifaya.

Sitaki kuisingizia mashine ile. Ilifanya kazi yake. Nilimsikia mama akimeza mate. Nilisikia kitanda cha kamba kikilia chini yake. Ila kadiri sauti ilivyokuwa wazi, ndivyo nilivyomsikia mtu anayejibana asikohoe. "Sisi sote wazima," anasema, na pumzi inamkatika. Na mvumo nao ulipanda pamoja naye. Nilibadilisha waya, nikasafisha kichwa cha deki ya kaseti kwa spiriti, nikafungua, nikafunga, nikidhani kasoro iko kwenye mikono yangu. Kila alipofika kwenye wasalaam nilizima upesi na kurudisha nyuma, utepe usije ukachakaa bure.

Dada alipopata likizo alikuja nyumbani. Nilimwambia twende Ukunda akaisikie kaseti vizuri, kwenye umeme.

"Vizuri gani? Itie kwenye redio ya mama."

Redio ya mama ilikuwa ya betri, na spika yake moja ilikuwa imechanika. Dada alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kama vile mama yuko hapo jikoni anazungumza naye. Ilipofikia wasalaam, nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha!" Alinipiga mkono kwa vidole vyenye nazi. "Mbona unamkatiza? Mwisho ndio wenyewe."

"Hakuna kitu huko, dada."

"Nyamaza wewe."

Utepe ukaenda kimya. Kisha jogoo akawika. Maneno niliyomwambia mama ayarudie yalikuwa mafupi kuliko ya mwanzo, na mkia wa yale ya mwanzo ulikuwa umebaki kwenye utepe bila kufutwa, sikuwahi kuufikia. Mama akakohoa, akacheka.

"Ndugu yako huyu ameniganda na mashine yake kama daktari. Haya, mwanangu, ule vizuri huko. Mimi usinifikirie, kikohozi kitapoa."

"Ndiyo maana sikuijibu," dada alisema. "Ningerekodi juu yake vipi?"

Aliendelea kukuna nazi, machozi yanamtiririka. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, nikalia kwa kwikwi. Kwa miezi yote ile mama alikuwa akiendelea kuzungumza, na mimi ndiye niliyekuwa namzima.

Amplifaya niliirudisha Galu, nikampa fundi yule. Ni chombo kizuri kwa mwenye diski nzuri. Mimi haikuwa na cha kunipa. Siku hizi mtu akija nimrekodie salamu, simwambii arudie, na sizimi mpaka utepe uishe wenyewe.