Bi Penseli na Siku Kumi na Tisa

Niseme mapema, msije mkanisifu bure: katika habari hii mimi si mtu mwema. Mwenye sifa ni karani wa shule yetu, mama mnene mwenye miguu ya kuvimba, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bi Penseli. Alilijua jina hilo vizuri sana, akajitia hamnazo.

Jina lilitokana na kazi yake. Kila asubuhi sisi walimu wa madarasa tulimpelekea madaftari ya mahudhurio ofisini, chumba chembamba kati ya stoo na choo cha walimu, chenye meza moja, kabati la chuma lisilofunga, na kiti cha wageni ambacho ukikikalia kinakuinamisha upande. Yeye alinakili majina ya wasiokuja kwenye daftari lake kubwa, na alinakili kwa penseli. Wino hakuugusa mpaka ajue kwa nini mtoto hakuja: anaumwa, kafiwa, hana sare, kuna mtu anamwogopa. Akishajua, anafuta, anaandika kwa wino na sababu anaiweka pembeni. Asipojua, penseli inabaki. Ikifika siku ya tatu, anavaa raba zake za kijivu, anafunga ofisi, na kwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa huyo mtoto.

"Mama, hiyo si kazi yako," nilimwambia mara nyingi. "Mtoro ni mtoro. Mwache mzazi wake amlete."

"Haya. Huyo mzazi akija kunitafuta, mwambie nimetoka kidogo."

Tulimcheka, hasa mimi. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la mwisho, nina ulimi mkali na haraka zangu, na mtu anayepoteza nusu siku kwa ajili ya mtoto mmoja nilimwona hana kazi.

Siku moja tu alinieleza, tena bila kuniangalia, huku anachonga penseli kwa wembe. Alikuwa na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo aliacha shule akiwa darasa la tano. Nyumbani walidhani anakwenda, shuleni walidhani amehamishwa. Kumbe alikuwa anashinda mtaa wa pili, anafua nguo za watu.

"Mwaka mzima, mwalimu. Hakuna aliyekuja kuuliza. Angekuja mtu mmoja tu akasema, mbona hatukuoni, angerudi siku hiyo hiyo. Namjua, ni mdogo wangu."

"Sasa yuko wapi?"

"Tulimzika zamani," alisema, akapukuta vumbi la penseli mezani.

Nilimpa pole, nikaenda zangu kufundisha. Hata sikutafakari.

Sasa, shule yetu ilikuwa na sheria: mwanafunzi wa darasa la mwisho akifikisha siku thelathini bila sababu, jina linakatwa kwenye orodha ya mtihani. Mwaka ule darasani kwangu alikuwepo msichana mmoja mrefu, mkimya, anakaa kando ya dirisha. Jumatatu moja daftari langu likaonyesha amefikisha thelathini. Orodha ilikuwa inaondoka Ijumaa. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Huyu tumkate, hana habari na shule." Mwalimu mkuu akakubali. Bi Penseli alikuwepo pale, ameshika daftari lake kubwa kifuani.

"Huyu kwangu bado ni penseli," akasema. "Nimeshakwenda kwao mara mbili, nakuta mlango una kufuli. Nipeni mpaka Alhamisi."

"Mama, jamani!" nilisema. "Thelathini ni thelathini, hata ukiiandika kwa mkaa."

Hapo ni lazima nieleze nilivyokuwa naita majina. Wanafunzi arobaini na wanane, dakika tatu, na nilijivunia. Macho yangu kwenye daftari, kalamu mkononi, kama fundi anayepigilia misumari. Naita jina, nasikia "Nipo!", naweka alama. Nikisikia kimya, naandika hayupo, nasonga mbele. Mara nyingine darasa lilicheka katikati, nikapiga kelele, "Kimya!" bila kuinua uso. Sikuwahi kuuliza wanacheka nini.

Jumatano alasiri Bi Penseli akanitumia mtu. Nilimkuta na madaftari mawili mezani, la mahudhurio na la hesabu la yule msichana.

"Kaa, mwalimu."

"Nina kipindi."

"Kaa!"

Nikakaa kwenye kile kiti cha kuinama.

Alikuwa ametoka kwa shangazi wa mtoto, fundi cherehani anayefanya kazi sokoni, ndiyo maana mlango ulikuwa na kufuli. Shangazi alimwambia kuwa mtoto alikuwa anaondoka nyumbani kila asubuhi na sare yake, hakosi. Ila wiki mbili zilizopita alianza kusema tumbo linamuuma, akawa anashinda chini ya meza ya kukatia vitambaa, anaokota vifungo.

"Tarehe hii umemwandika hayupo," Bi Penseli alisema, kidole kwenye daftari langu. Kisha akafungua la pili. "Tarehe hiyo hiyo, hii kalamu nyekundu ni ya nani?"

Nikatazama. Ilikuwa yangu. Hesabu kumi, amepata tisa, chini yake nimeandika kwa mkono wangu: Vizuri, ongeza bidii.

"Labda alileta daftari siku ya pili..."

"Mara kumi na tisa?"

Akanifunulia zote, moja baada ya nyingine, polepole. Siku kumi na tisa nilizosahihisha kazi ya mtoto ambaye asubuhi yake nilikuwa nimemwandika hayupo.

"Mtoto ana kigugumizi," alisema. "Kukiwa na utulivu anazungumza vizuri tu. Lakini hiyo 'nipo' yako inataka itoke mara moja. Yeye anaivuta, wenzake wanacheka, wewe umeshafika jina la tatu mbele. Nilimpa karatasi aniandikie, nimpunguzie taabu."

Akanisukumia karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja: Nikija naandikwa sipo, basi nikaona nisije.

Nimeshatukanwa na wazazi, nimeshafokewa na wakaguzi. Hakuna kilichowahi kuniingia kama mstari ule. Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo naijua, nikakosa wa kumkasirikia isipokuwa mimi.

Tulikwenda sokoni jioni ile ile. Shangazi hakunyanyua mguu kwenye cherehani.

"Karibu, mwalimu. Angalia unapokaa, kuna sindano," alisema, na sauti yake ilisema mengine kabisa.

Nikamwomba radhi yeye, kisha nikachuchumaa nikamwomba radhi mtoto aliyekuwa chini ya meza. Sikuwahi kumwomba mwanafunzi radhi maishani mwangu. Aliniangalia, kiganja kimejaa vifungo, akarudi kuokota vingine. Sikustahili jibu.

Alhamisi nikaingia kwa mwalimu mkuu. Aliposikia, alishika kichwa. "Unajua wakaguzi wakiona daftari limesahihishwa mara kumi na tisa watasema nini?" Nikamwambia watasema mwalimu wa darasa ni kipofu, na watakuwa wamesema kweli. Nikasahihisha kwa wino, siku baada ya siku, na kila moja nikaweka sahihi yangu. Zikabaki siku kumi na moja. Jina la msichana likarudi kwenye orodha, na Bi Penseli akachukua kifutio.

Jumatatu msichana alirudi. Tangu hapo nikawa naita majina kwa kuinua macho, jina na uso, na ilinichukua dakika saba. Yeye alikuwa ananyoosha mkono, nami naandika yupo. Kuna aliyejaribu kucheka siku ya kwanza. Nilimwangalia tu, kicheko kikamkwama.

Ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza. Sikilizeni basi.

Wiki kama tano baadaye, wakati wa chai, yule msichana alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Nikatoka. Aling'ang'ana na maneno, mishipa imemtoka shingoni, nami nikangoja, hilo angalau nilikuwa nimelijua.

"Ka-karani... ha-hayupo si-siku ya nne."

"Yuko likizo," nikasema.

"Na-nani ka-kasema?"

Nikageuka kuwatazama wenzangu na vikombe vyao. Nani kasema? Hakuna. Siku nne tulikuwa tunarundika madaftari kwenye meza yake, tunanung'unika kwamba hayajanakiliwa, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Mama yule alikuwa akiishi peke yake, na sisi wote tulilijua hilo.

Tulikwenda, mimi na msichana, baada ya kuuliza nyumba mara tatu njiani, kwa sababu miaka yote ile hakuna mwalimu aliyekuwa anaijua. Tulimkuta kitandani. Alikuwa ameanguka bafuni, mguu umevimba mpaka gotini, umekuwa mweusi. Jirani alikuwa anamletea maji na chakula asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake. Simu ilikuwa imeanguka naye, ikavunjika.

Alinitazama mimi kwanza. "Nani aliyeuliza?"

Ningeweza kudanganya, na pengine angefurahi.

"Si mimi, mama," nikasema, nikasogea pembeni.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule. Akafungua kinywa, neno likakataa. Akajaribu tena. Bi Penseli hakumsaidia wala mimi sikumsaidia, tulimngoja tu.

"Mbo-mbona... ha-hatukuoni?"

Bi Penseli alijifunika shuka usoni akalia kwa sauti, na mimi nikatoka nje kutafuta gari la kumpeleka hospitali.