Mzee Wangu Anachajia Gari kwa Wambui

Admin, nifiche kabisa, maana kanisani kwetu wote wako kwa simu siku hizi. Mimi ni cucu wa miaka themanini na sita, naishi Gitothua, mjukuu ndiye ananiandikia. Na usicheke wewe unayesoma. Wivu hauzeeki.

Miaka ya hamsini ikiisha, nikiwa nimeolewa juzi tu, mzee wangu alinunua pikapu kuukuu ya kubeba mboga. Betri ilikuwa inakufa kila wiki, na kijijini kwetu hakukuwa na stima. Ilibidi aipeleke Thika, kwenye kinu cha unga cha baba yake Wambui, na kuichaji kulichukua siku nzima. Siku nzima! Anarudi jioni ameshiba, githeri yangu anaionja tu. "Wambui alinilazimisha," ananiambia. Na huyo Wambui ndiye mzee alitaka kumuoa kabla yangu!

Nikafanya ujinga. Nilitia chumvi kwa betri, nikidhani ikiharibika atachoka auze hiyo pikapu. Ngai! Ikawa haishiki chaji hata siku tatu. Akaanza kwenda Thika mara mbili kwa wiki, na ni mimi nimemtuma. Mpaka leo hajui.

Sasa watoto wamemnunulia gari la stima. Halinywi mafuta, halipigi kelele, nikafurahi. Lakini fundi alikuja akasema waya za nyumba yetu ni za zamani, zitaungua, lazima gari livutiwe laini yake. Bei yake ni ng'ombe wangu, yule mmoja niliyebaki naye. Mzee akasema, "Ya nini kuuza ng'ombe? Wambui ana sola juu ya nyumba, tutachaji bure."

Bure! Wambui ni mjane sasa. Kila Jumanne na Ijumaa mzee anajiendesha polepole mpaka Thika, anakaa huko masaa nane. Gari linarudi limejaa, na yeye amejaa. Githeri yangu hata haionji.

Wiki iliyopita nikaficha waya ya kuchajia chini ya magunia ya mahindi. Akaitafuta kidogo, kisha akavaa kofia yake.

"Si kitu, mama," akaniambia. "Wambui alishaninunulia ingine, iko kwake."

Nililia kama msichana. Sasa niuze ng'ombe tuchajie nyumbani? Na nikimuuza, laini ivutwe, halafu bado aende? Nishaurini wanangu, nifanye nini? Sitaki kukosea mara ya pili na mwanaume yule yule.