Vijiti vya Mukandayisenga

Mwaka wa 1953 agronomu, bwana shamba wa serikali, alipanda kijiji cha Kibabi kuandika hatari za kilima, kubwa kwanza, ndogo mwisho. Moto wa majani ukashika namba moja, mvua ya mawe mbili. Mama Mukandayisenga, mulima maharagwe, akasimama.

"Bwana Agronomu, andika kilima kwanza. Iko na ufa juu ya nyumba zetu. Nilisimika vijiti huku na huku ya ufa. Kila mvua vinazidi kuachana."

"Vijiti njo mashine yako ya kupima, Mama?"

Watu wakacheka. Kilima kikaandikwa cha saba, chini ya nguruwe wa pori.

"Nguruwe anakula mihogo," Mukandayisenga alifoka. "Kilima kitakula watoto!"

Basi akapita mlango kwa mlango, akibembeleza, akigomba, mpaka familia zote sita za chini ya ufa zikahamia ng'ambo ya mto. Siku ya tisa kilima kilishuka, kikafunika nyumba tupu.

Agronomu akarudi na karatasi yake. Mnadhani alileta pole? Aliuliza nani aliwaruhusu kuhama.

"Ni mimi," akajibu Mukandayisenga. "Andika jina langu namba moja, juu ya moto."