Kadi Iliyonyamaza Gatini

Siku yangu ya kwanza kazini ilianzia mtaa wa Ndia Kuu, kwenye ofisi ya wakala wa meli, lakini hata kiti sikukionja. Meneja wetu, nahodha mstaafu tuliyemwita Kapteni, alikuwa ameshasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Sabalkheri, Kapteni."

"Sabalkheri, binti. Wewe ndiwe fundi wa kompyuta? Twende gatini Mbaraki. Kuna mtu ameniharibia mashine, nataka unithibitishie."

Miaka ile ya mwisho ya tisini, mtandao usio na waya ulikuwa kitu kigeni mjini. Kampuni yetu iliukimbilia kwa shida: kila waya ulipotandazwa kutoka gatini hadi ghalani, matrela yaliukata. Ikanunuliwa kadi bapa ya kuchomekwa kwenye kompyuta, yenye antena fupi ya kunasa mawimbi, na kwayo karani wa gatini akawa anapeleka ghalani hesabu ya mizigo. Sasa kadi ilikuwa kimya. Meli imefunga gati, na makuli wameketi juu ya magunia wakingoja.

Karani aliitwa Kazungu, mtu wa makamo kutoka Kaloleni. Nilimkuta amesimama kando ya meza yake kama mshtakiwa.

"Ufunguo wa chumba hiki tunao mimi na yeye tu," alisema Kapteni. "Na mashine hii haitumii mwingine."

Kazungu alinisogezea kiti.

Nilianza na lililo jepesi. Taa ndogo ya kadi haikuwaka. Nikafuta kutu ya chumvi kwenye kichwa cha antena, wapi! Nikaweka upya draiva, yaani programu inayoijulisha kompyuta kuwa kadi ipo, wapi! Nikaichomoa, nikaenda kuijaribu kwenye kompyuta ya ghalani. Taa ikawaka papo hapo. Kadi ni nzima, basi ubaya umo ndani ya mashine ya Kazungu.

Niliporudi, Kapteni alikuwa ameshamnyang'anya Kazungu funguo zake na kuziweka mezani.

"Kapteni, niruhusu niifungue."

"Fungua. Utaona alivyokoroga."

Ndani, vumbi la simiti lilikuwa limefunika kila kitu isipokuwa kadi nyingine iliyong'aa kwa upya: modemu ya faksi, ya kupokelea faksi kwenye kompyuta kwa waya wa simu. Katika kompyuta za wakati ule, kila kifaa kilipewa namba yake ya kuiitia mashine. Modemu ilikuwa imeinyang'anya kadi ya mawimbi namba yake.

"Bwana Kazungu, hii ameiweka nani?"

Aligeuza uso dirishani. "Niulize jengine, dada."

Hapo nikafahamu: wenye ufunguo wa chumba kile walikuwa wawili tu. Sikuwa nimemaliza hata asubuhi moja katika kazi ile.

"Kapteni," nilisema, "aliyeweka modemu hii ndiye aliyeizima kadi. Pengine bila kujua."

Aliitazama modemu, akavua miwani.

"Ni mimi. Nilitaka faksi za meli zinifikie hapa hapa." Kisha akamgeukia karani. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ni wewe, Kapteni, ungenisadiki?"

Nikaihamishia modemu namba nyingine, nikairudisha kadi, nikawasha. Taa ikawaka, kutoka ghalani wakapiga simu kwamba hesabu zinaingia. Nje, makuli waliinuka. Kapteni alimsogezea Kazungu funguo.

"Haya, mzee, tuendelee na kazi."

Kazungu hakuzigusa. "Mashine mmeihangaikia asubuhi nzima. Mimi, kabla ya kuhukumiwa, hata swali moja sikuulizwa." Akachukua mkoba wake, akatuaga kwa adabu, akatoka. Kapteni alimfuata hadi langoni. Alirudi peke yake, akaketi kwenye kiti cha karani, na siku ile nzima aliingiza hesabu za mizigo yeye mwenyewe.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa, kisha nikahamia benki, kisha nikafundisha chuoni mpaka nikastaafu. Wanafunzi wangu wa zamani bado hunijia kuuliza waanzie wapi mashine ikigoma. Huwaambia waulize kwanza ni nini kilichobadilika, wasianze na nani aliyekosa. Huitikia kwa heshima, wakidhani nazungumza habari za kompyuta tu.